Gunia Lililozama na Maneno ya Mama Yako

Zaituni,

Mama yako amekufa. Alikufa Ijumaa asubuhi, chumba cha ndani, mi nimetoka kuchota maji na wewe umemshika miguu. Figo zilikataa kazi, akavimba, akafa. Tumemzika, arobaini tumeisoma, watu wamekula na kuondoka, na kesho na wewe unaondoka.

Naanza na hilo kwa sababu humu ndani hatulisemi. Wageni wanasema ametutoka, ametangulia, amepumzika. Mi nasema amekufa. Nikizunguka naona kama kuna mtu namdanganya.

Naandika mchana huu, we umekwenda kuaga kwa mama yako mdogo Somoe. Ningeweza kukwambia kwa mdomo. Lakini nikikwambia kwa mdomo unanijibu kwa upole, na huo upole wako mi siuamini. Tangu mama yako afe umekuwa mpole sana kwangu. Mtu akikuwia mpole hivyo, ama ana kitu anaficha ama anakuonea huruma. Vyote viwili sivitaki. Basi soma ukiwa ndani ya basi. Huko huwezi kunijibu.

Sikwambii ule nini wala ulale saa ngapi. Dar watu wanakula na wanalala. Nataka kujibu lile swali lako la jana. Ulikuwa unasugua sufuria pale uani, ukaniuliza bila kunitazama, "Baba, lugha ya mama niwape au nisiwape?" Nikasema, "Fanya unavyoona." Lile halikuwa jibu, nilikuwa na hasira. Sasa jibu ninalo. Ila niache nianze mbali, maana sidhani kama unajua hayo mambo mi niliyaona vipi kwa upande wangu.

Mwaka uliotoka unyagoni ndiyo mama yako alianza ile kazi ya kubangua korosho hapa nyumbani. We ulikuwa mwali, umepakwa mafuta, unatembea umeinamisha kichwa. Kila siku nikitoka ghalani, moshi wenu nauona kabla sijaiona nyumba. Kile kipande cha pipa juu ya moto, korosho zinawaka, majirani wote wa Rahaleo wanakohoa. Mkishazikaanga mnakaa chini kwenye mkeka, kila mtu na jiwe lake, vidole mmevipaka majivu ili yale mafuta ya ganda yasiwale ngozi. Na yalikuwa yanawala tu. Mama yako amezikwa na vidole vyeusi.

Sasa mkikaa pale mlikuwa mnaongea. Nasikia kutoka nje ya uzio. Siyo Kiswahili. Siyo Kimakonde, Kimakonde nimezaliwa nacho. Kimakua nakijua kwa mama yangu, siyo Kimakua. Nakohoa, naingia, mama yako anasema neno moja, "Bufwa," na wote wawili kimya. Siku nyingine mnafunika midomo na kanga mnacheka.

Niliuliza mara moja. "Mnaongea nini nyie?"

Mama yako akasema, "Mambo ya kike, baba Zaituni."

Na we ndiyo kwanza umetoka unyagoni. Nikafunga mdomo. Unajua watu wetu walivyo kwenye hilo. Mwanaume haulizi mambo ya unyagoni, hata mkewe, hata mwanawe. Nikiwa mdogo kule kijijini kwetu mtoni nilimwona mtu mzima anakimbizwa na wanawake, wameshika michi, kwa sababu alipita karibu na banda la mwali akasimama kidogo. Alisema alikuwa anatafuta mbuzi. Alihama kijiji. Basi mi nikajiambia, hayo ni maneno ya kungwi, mama anamfundisha binti yake, we kaa mbali. Sikukaa mbali kwa heshima, usinisifu. Niliogopa aibu.

Lakini masikio hayafungwi. Nikaanza kuyakamata maneno moja moja, na kila neno nikalipa maana yangu mwenyewe. Kila baiskeli ya Shaibu muuza samaki ilipopiga kengele pale njiani, mama yako alisema, "Shelemi." Alisema taratibu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayesikitika. Na we unaitikia, "Shelemi." Nikasema haa. Huyu Shaibu kapewa jina humu ndani. Mtu hapewi jina la siri bure. Nikalibeba hilo misimu ya korosho kadhaa, nalala nalo, naamka nalo. Mama yako akinipikia samaki simalizi.

Mwisho nikamngoja Shaibu pale kona, kwenye kibanda cha kinyozi.

"Shaibu, we na mke wangu mna nini?"

"Mi na mke wako? Tuna dagaa, kaka."

"Usinifanyie masihara. Anakuita jina."

"Jina gani?"

"Shelemi."

"Ndo nani huyo?"

"Ndo we."

Akashuka kwenye baiskeli, akaisimamisha vizuri kabisa, akajifuta mikono. "Kaka, mi Shaibu. Baba yangu Shaibu, babu yangu Shaibu. Hata nikitaka kuiba mke wa mtu sina jina lingine la kuibia. Na huyo mkeo kila akiniona ananiambia dagaa wangu wana mchanga. Mapenzi gani hayo?"

Kinyozi aliacha kichwa cha mtu nusu kwa kucheka. Tangu siku ile vijana wa pale kona wananiita Shelemi. Uliwahi kuniuliza kwa nini wananiita hivyo, nikakwambia hawana kazi. Ulishtuka sana siku hiyo, nikakuona unashtuka, na huo mshtuko wako nao nikautia kwenye mahesabu yangu. Nikaona sasa mtoto naye anajua.

Hivyo ndivyo nilivyoishi na mama yako. Hatukugombana. Sikumpiga, Mungu anajua. Nilikuwa namsikiliza tu. Nakula namsikiliza, nalala namsikiliza. Nadhani kusikilizwa hivyo kunachosha kuliko ugomvi. Yeye hakusema.

Sasa tumezika. Siku ya tatu ya matanga nikamwita mama yako mdogo Somoe pembeni, kule nyuma kwenye masufuria. Yeye ndiye kungwi wako, yeye ndiye aliyekupeleka unyagoni. Nikasema nisipomuuliza huyu sitajua tena.

"Shemeji, nikuulize kitu, usinione sina adabu."

"Uliza."

"Yale maneno mnayowafundisha watoto wa kike. Bufwa, shelemi, tekwa. Mwenyewe kashakufa. Si naweza kujua sasa?"

Akanitazama. Akaweka upawa chini. "Maneno gani hayo?"

Nikayarudia. Somoe akaangua kicheko, kwenye msiba wa dada yake, mpaka wanawake wakageuka, akajiziba mdomo na kanga huku machozi yanamtoka, na mi sikujua machozi hayo ni ya kipi.

"Shemeji! Unyagoni hakuna kitu kama hicho. Hayo ni maneno ya kinchi chao cha kutunga. Dada alikuwa anamtungia mtoto hadithi wakibangua, mkono usiume. Watu wanaishi chini ya maji, kule mdomoni mwa Ruvuma, wana lugha yao. We miaka yote hiyo ulidhani ni unyago?"

"Aliniambia mambo ya kike."

"Kwani uongo? Si walikuwa wanawake wawili?"

"Angeniambia."

"Ungeuliza mara ya pili," akasema, akaokota upawa wake akarudi kwenye wali.

Mwanangu, nilikaa pale nyuma mpaka wakanitafuta. Nilikuwa nimezunguka ukuta ambao haupo. Na mama yako alikuwa ananiona nazunguka. Kwa nini hakuniambia? We ulisema alidhani najua na sina haja nayo. Inawezekana. Mi naona inawezekana pia alikuwa na kitu chake kimoja ambacho mi sikukishika, akataka kibaki hivyo. Hilo simlaumu sana. Lakini nalifikiria, na marehemu huwezi kumuuliza mara ya pili.

Ndiyo nikakwambia nifundishe.

Tulikaa pale barazani jioni zile, ukanipa neno moja moja. Nchi yao Ndivalo, ipo pale mto na bahari vinapogombana, maji ya chumvi na maji matamu. Lugha yao Kindivalo. Ukaniambia shelemi ni pole. Watu wa Ndivalo samaki ni jirani zao, kwa hiyo Shaibu akipita na baiskeli amebeba dagaa, ni maiti zinapita, lazima utoe pole. Ndiyo mwanzo wake. Halafu mkawa mnaisema kwa kitu chochote cha kusikitisha, sufuria likitoboka, shelemi. Halafu ikawa salamu ya kuagana. Halafu siku ya maziko, jeneza linatoka, nikakusikia unaisema, sikujua maana yake, nikadhani unasoma dua.

Mi kwa neno hilo nilitaka kumpiga mtu na dagaa zake.

Ukanifundisha olai. Olai ni juu. Kwa watu wa chini ya maji, juu ndiko nyavu zinakotoka, kwa hiyo mwanzo olai ilikuwa hofu. Ikawa mahali popote mtu anakochukuliwa asirudi. Ulivyomaliza kidato cha nne mkaanza kuiita Dar olai, kwa utani. Sasa hivi ukitaja olai unacheka. Nimekusikia kwenye simu. Mama yako alivyolitunga lile neno alimaanisha wavu. Sisemi usiende. Nasema we umelizoea, mi bado.

Na tekwa. Hilo ndilo lililonishika. Tekwa mwanzo ni mlio tu, jiwe likitua kwenye korosho, tek. Likawa ganda lenyewe. Likawa kidole kilichoungua na ganda. Likawa kazi yoyote isiyokwisha. Alipoumwa, ukaniambia, likawa siku. Alikuwa akiamka anakuuliza, tekwa gani leo, na we unamjibu Jumanne. Mi nilikuwa nakaa pale pembeni yake kwenye kigoda nasikia mnasema hivyo kila asubuhi, nikadhani mnaulizana dawa.

Halafu bufwa. Jumatatu nilikuuliza, ukaniambia bufwa ni baba. Ijumaa nikakuuliza tena, makusudi, nione kama jibu ni lilelile. Ukaniambia bufwa ni pumzi ya kiboko usiku, ile unayoisikia kabla hujamwona mwenyewe. Mama yako kazaliwa Kilambo, pumzi hizo kakua nazo. Nikakwambia, "Jumatatu ulisema baba." Ukasema ndiyo, ilianza kiboko, akawa mlinzi wa lango la Ndivalo, ikawa mtu wa kumnyamazia, ikawa baba, na mwishoni, wakati wa ugonjwa, ikawa mtu akiwepo karibu hata kama haongei.

"Mbona ya mwisho ndiyo nzuri?" nikakuuliza.

"Baba, maneno yanahama. Mi siyahamishi."

Sikukuamini. Nakwambia wazi. Nilidhani ile ya mwisho umeitunga pale pale barazani, kwa ule upole wako. Nilikwenda kulala nikiwa najua kwamba kwenye nyumba yangu nilikuwa mtu wa kunyamaziwa, na hilo halikuhitaji kamusi.

Lakini kesho yake nikafikiria neno gesi. We ulikuwa mdogo, hukumbuki. Zamani hapa gesi ilikuwa ile ya tumboni, au ya kwenye soda. Ikaja ikapatikana ya ardhini, na gesi ikawa maana yake nyumba ya bati. Mtu anaulizwa utaoa lini, anasema gesi ikianza. Mtu anaweka jiwe la msingi kwa sababu ya gesi. Baadaye bomba likatoka Madimba likaenda Dar, na watu wengine walipata kazi na wengine hatukupata. Sasa pale ghalani mtu akiahidi halafu asionekane tunamwita Gesi. "Gesi kaja leo?" "Hajaja." Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Lilihama lenyewe, sisi tukiwa tunalisema kila siku. Nikaona labda hujanidanganya. Labda. Bado naliangalia.

Halafu akaja Fredi.

Mi sikujua kama we unaongea Kindivalo kwenye simu, unarekodi hadithi za Ndivalo watu wanasikiliza mpaka Dar. Niliambiwa siku moja kabla. Sawa. Akaja na bajaji, akaiacha inangoja barabarani inanguruma. Nikasema huyu hana nia ya kukaa. Viatu vyeupe. Anatengeneza katuni za watoto kule Dar, zinaonekana kwenye simu, na anataka lugha yenu iwemo. Akavua vile viatu, hilo nampa, akakaa mkekani.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba. Mi mzee wako tangu lini?"

Akacheka. Akasema, "Mzee wangu, hii lugha ni hazina."

Nikakaa vizuri. Hilo neno nimewahi kulisikia wakati wa gesi, na nakumbuka lilipelekwa wapi. Mtu akikiita kitu chako hazina, anza kuangalia mikono yake.

Akaanza kuuliza maneno, anaandika. Alipofika tekwa akakwama. "Zaituni, umesema ni ganda, ni kidole, ni kazi, ni siku. Mtoto wa Mwanza anaangalia, atashika lipi?"

We ukasema, "Lolote, inategemea anayesema ni nani."

"Inategemea haifundishiki. Wale wa kuigiza sauti nitawaambia nini? Inabidi tufunge maana. Neno moja, maana moja."

Na mi nikaona ana haki. Nilimtafutia kosa sikulipata. Mi mwenyewe nilikuwa mtoto huyo wa Mwanza ndani ya nyumba yangu.

Halafu akauliza lile swali. "Samahani, lakini korosho chini ya maji zilifikaje?"

We ukaacha kumtazama. Ukanitazama mimi. Hapo ndipo nilijua kuna kitu. Ukasema kwa sauti ndogo, "Lilidondoka gunia. Kuna mpagazi alikuwa anapakia melini, akateleza kwenye ubao, gunia likazama. Watu wa Ndivalo hawajawahi kuona korosho. Wakakaa wakaligonga na jiwe, tek. Ndiyo neno lao la kwanza."

Yule dereva wa bajaji akapiga honi.

Zaituni, siku ile mi naikumbuka bila kufundishwa. Ubao ulikuwa umelowa, nilikuwa nimelala vibaya, gunia likanitoka begani likaingia kati ya meli na gati. Wenzangu walicheka. Msimamizi akasema, "Nenda nyumbani, usirudi mpaka uitwe." Nilikuja nyumbani na hasira, nikapiga ndoo teke, nikapiga kelele mpaka jirani akatoka nje. We ulijificha nyuma ya mama yako. Nikaingia ndani nikalala. Na nikiwa nimelala nikawasikia nje mnacheka, taratibu, mmejiziba. Nilijua mnanicheka mimi. Hilo sikukosea. Katika yote niliyodhani kuhusu nyie, hilo moja nilipatia.

Kumbe siku hiyo mama yako alikuwa anakuondoa hofu. Hayo ni maneno yako, uliniambia usiku Fredi alipoondoka. Ulisema ulikuwa unatetemeka, akakuuliza unadhani lile gunia sasa hivi liko wapi, nani kaliokota. Ndiyo mkaanza. Lugha nzima imetoka hapo. Imetoka begani kwangu na mi ndiye mtu pekee nisiyeijua.

Lakini pale mkekani, mbele ya mgeni, hukusema mpagazi ni nani. Fredi akasema gunia halivutii, tena korosho ni kitu cha kuuza kibandani. Akasema, "Tufanye lulu. Tekwa iwe lulu. Chini ya maji kuna chaza, inaingia akilini, na inang'aa kwenye picha."

Na we ukasema, "Inaweza."

Hilo "inaweza" limenikaa kooni tangu siku ile. Ndiyo maana jana nilikujibu vibaya. Nimelipindua kila upande. Upande mmoja naona ulikubali lulu kwa sababu unaona aibu, hutaki watu wa Dar wajue mpagazi aliyeanguka ni baba yako. Upande wa pili naona ulikubali ili kunifichia mimi aibu, nisianguke tena mbele ya watoto wote wa nchi hii. Sijui ni upi. Sikuulizi, maana utanijibu kwa upole na nitarudi palepale. Nakwambia tu kwamba pande zote mbili nazikataa.

Nimeishi na shaka muda mrefu kuliko ulivyoishi wewe. Sikwambii uiache. Huko unakokwenda itakufaa, Dar kuna watu wa viatu vyeupe wengi. Mi kosa langu lilikuwa kukaa nayo kimya. Nilikuwa nakusanya, nakusanya, kengele ya baiskeli, kicheko, neno, na kila nilichokusanya kilifaa kuthibitisha nilichokuwa nacho tayari. Mtu mmoja tu alikuwa na jibu, na alikuwa analala pembeni yangu. We ukiwa na shaka na Fredi, mwambie Fredi. Akikasirika, umejua. Asipokasirika, muulize tena wiki inayofuata.

Basi jibu langu hili.

Wape. Mama yako amekufa, na mtu anayeijua lugha yake vizuri umebaki peke yako. Mi najua maneno machache na ninavyoyatamka umecheka mwenyewe. Hapa Rahaleo utaiongea na nani? Na mi? Tutasema bufwa, shelemi, halafu tutanyamaza. Kule kutakuwa na watu wa kuisema kila siku, na yatahama, na mengine yatakwenda ambako mama yako hakutaka. Sawa. Olai ilishakwenda ambako mi sikutaka.

Kama Fredi anataka kufunga maana, afunge kidogo. Tekwa aandike ganda, watoto waelewe, mengine watayakuta mbele. Lakini lulu hapana. Lulu haiunguzi mtu vidole. Tekwa ni ganda la korosho, na korosho zilizama na gunia, na gunia lilimtoka baba yako begani. Sema hivyo. Usiseme mpagazi fulani. Sema baba yangu. Aonyeshwe ameteleza, aonyeshwe wenzake wanacheka, hata ile ndoo waiweke wakitaka. Nilianguka kweli. Kuna kitu kilichotoka kwenye kuanguka kule, na nyie wawili ndio mlikiokota, na sitaki aje kijana wa katuni aseme kilitoka kwa chaza.

Akikataa, chukua begi panda basi rudi. Sitakuuliza kitu. Nikikuuliza, nitakuuliza mara mbili.

Na bufwa usikubali walifunge kabisa. Wakikulazimisha, sema hujui. Humo ndani bado nimo, na sitaki kuandikwa kiboko, wala sitaki kuandikwa mzuri kwa sababu nilikaa kwenye kigoda wakati mama yako anaumwa. Liache wazi. Ukirudi likizo utaangalia mwenyewe limefika wapi.

Fredi bado simwamini. Nitaangalia hiyo katuni yake kwenye simu ya Shaibu, maana yangu haionyeshi picha, na nitangoja gunia lizame. Lisipozama nitakupigia.

Nimesikia geti, naona umerudi. Hii barua naiweka kwenye begi, chini ya kanga za mama yako. Usiitoe mpaka mpite Mikindani.

Msimamizi wa ghala amepiga simu, korosho mpya zimeanza kuingia. Nikishakupandisha basi asubuhi siji tena huku nyumbani, naunganisha moja kwa moja. Kesho narudi kazini.

Baba yako